Kanda za kaseti zinakufa, kinasa CD kikiunganishwa vizuri chaweza kuziokoa

KATIKA nyumba nyingi za Afrika Mashariki lipo boksi lililosahaulika juu ya kabati au chini ya kitanda. Ndani yake mna kanda za kaseti: harusi ya miaka ya themanini, kwaya ya kigango, mawaidha ya sheikh wa mtaa, taarabu iliyorekodiwa ukumbini usiku kucha, pengine sauti ya babu akieleza asili ya ukoo. Nyingi kati ya kanda hizo hazina nakala nyingine popote.

Kanda za namna hiyo hazingoji. Kaseti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963, ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga laini wenye sumaku. Joto huupinda utepe huo, vumbi huukwangua, na katika miji ya pwani unyevu huuotesha ukungu. Deki za kuzichezea nazo zinazidi kuadimika, na vipuri vyake vya mpira huzeeka hata kama mtambo haukutumika.

Ndiyo sababu kazi ya kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye CD ina maana kwa familia yenye kanda zake, na inaweza pia kumpa kipato kijana mwenye mtaji mdogo na subira kubwa. Mojawapo ya vyombo vinavyoifanya kazi hiyo ni kinasa CD, yaani mtambo wa mezani unaokaa pamoja na amplifaya na deki, na unaochoma CD moja kwa moja bila kompyuta.

Hata hivyo, wengi wanaokipata chombo hiki hukata tamaa baada ya siku chache. Sauti inatoka imekwaruza, diski inakataliwa, au CD iliyorekodiwa inalia nyumbani tu na kukataa kwa jirani. Mara nyingi mtambo hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye waya uliochomekwa tundu lisilo lake, diski isiyo ya aina yake, au hatua ya mwisho iliyorukwa.

Chombo chenyewe

CD za muziki zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, lakini kwa miaka mingi mtu wa kawaida aliweza kuzisikiliza tu. Vinasa CD vya bei ya matumizi ya nyumbani vilienea mwishoni mwa miaka ya tisini, vikitengenezwa na kampuni kama Philips, Pioneer na Sony. Baadaye kompyuta zenye uwezo wa kuchoma CD, na kisha simu na flashi, zilivipunguzia soko.

Leo vinasa hivyo hupatikana zaidi vikiwa mitumba. Anayekinunua anatakiwa kuangalia mambo matatu kabla ya kutoa fedha.

La kwanza ni umeme. Kinasa kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100, na cha Marekani hutumia volti 120. Umeme wa majumbani Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240. Kikichomekwa hivi hivi kitaungua papo hapo. Maandishi yaliyo nyuma ya mtambo husema volti zake, na kama ni 100 au 120, lazima iwepo transfoma ya kupunguza umeme, na gharama yake ihesabiwe kwenye bei. Vilivyotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya havina tatizo hilo.

La pili ni jicho la leza. Kinasa kinaweza kucheza CD vizuri lakini kikashindwa kurekodi, kwa kuwa kurekodi kunahitaji leza yenye nguvu zaidi. Muuzaji akisema kinafanya kazi, mnunuzi aombe kirekodi dakika mbili mbele yake, kisha diski hiyo ijaribiwe kwenye deki nyingine. Kuusikiliza muziki uliokuwa tayari kwenye CD hakuthibitishi lolote.

La tatu ni diski. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Vinasa vya nyumbani vilitengenezwa vikubali CD tupu za muziki peke yake, zile zilizoandikwa Music au Digital Audio kwenye kasha. CD tupu za kompyuta, ambazo ndizo zilizojaa madukani, hukataliwa na kinasa huonyesha maandishi ya kosa. Mpango huo uliwekwa na viwanda ili sehemu ya bei ya diski za muziki iende kwa wenye kazi zao katika baadhi ya nchi. Vinasa vya studio, kwa mfano vingi vya Tascam, havina kizuizi hicho na hupokea aina zote mbili.

Jambo hili ni la kufikiriwa kabla ya kununua, kwa sababu diski tupu za muziki zimekuwa adimu. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, iliyokuwa na sifa kubwa katika utengenezaji wa diski, iliacha kazi hiyo mwaka 2015. Asiyekuwa na mahali pa uhakika pa kupata diski za muziki ni heri atafute kinasa cha studio, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Waya uende wapi

Nyuma ya kinasa CD pana makundi mawili ya matundu ya kawaida. LINE IN, au pengine ANALOG IN, ni mlango wa kuingizia sauti. LINE OUT ni mlango wa kutolea. Kila kundi lina tundu jekundu na jeupe. Jekundu ni upande wa kulia, jeupe ni upande wa kushoto. Katika baadhi ya mitambo nafasi ya jeupe huwa na jeusi.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: sauti hutoka kwenye OUT ya chombo kimoja na kuingia IN ya kingine. Anayeunganisha OUT kwa OUT atakaa asubuhi nzima akisubiri sauti isiyokuja.

Kwa kazi ya kuhamisha kanda, njia fupi ndiyo bora. Waya wenye pini mbili kila upande unatoka LINE OUT ya deki ya kaseti na kuingia LINE IN ya kinasa CD. Waya wa pili unatoka LINE OUT ya kinasa na kuingia AUX au tundu la CD kwenye amplifaya. Hapo sauti ya kanda inapita kwenye kinasa kwanza, na kinachosikika kwenye spika ndicho kinachoingia kwenye diski. Kasoro ikitokea, inasikika kabla haijarekodiwa.

Njia ya pili inamfaa mwenye vyombo vingi, kama deki, redio na gramafoni, ambaye hapendi kuhamisha waya kila mara. Amplifaya nyingi za zamani zina matundu yaliyoandikwa TAPE, nayo huwa jozi mbili. Jozi ya REC OUT hupeleka nje sauti ya chombo chochote kilichochaguliwa kwa swichi ya mbele, na jozi ya PLAY hupokea sauti ya kinasa inaporudi. REC OUT iende LINE IN ya kinasa, na LINE OUT ya kinasa irudi PLAY.

Uzuri wa njia hii ni kwamba katika amplifaya nyingi sauti ya REC OUT haiguswi na kitufe cha kupandisha sauti wala vya besi na trebo. Mtu anaweza kupunguza spika usiku ili watoto walale, na rekodi ikaendelea kwa kiwango kile kile. Tahadhari ni moja: wakati wa kurekodi, swichi ya amplifaya ibaki kwenye chombo kinachocheza, isiwekwe kwenye kinasa chenyewe. Vinginevyo, katika amplifaya ambazo hazina kinga, sauti huzunguka na kutoa mlio mkali.

Yapo matundu matatu ambayo waya wa kinasa haupaswi kwenda. Tundu la PHONO kwenye amplifaya ni la gramafoni pekee. Sauti ya sindano ya santuri ni dhaifu mno, elfu chache za volti moja, na tundu hilo huikuza mara nyingi na kuiongezea besi. Sauti ya kinasa au deki ikiingizwa humo hutoka imekwaruza kabisa. Matundu ya spika nayo si ya kuunganisha na LINE IN, kwani nguvu yake inaweza kuua kinasa. La tatu ni tundu la maikrofoni la chombo chochote, ambalo nalo limetengenezwa kwa sauti ndogo kuliko ya deki.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye santuri hawezi kuunganisha gramafoni moja kwa moja na kinasa CD. Gramafoni ipite kwenye tundu la PHONO la amplifaya kwanza, kisha sauti itoke kwa REC OUT. Gramafoni yenye kikuza sauti ndani yake, ambayo huwa na swichi ya LINE, ndiyo pekee inayoweza kwenda moja kwa moja.

Asiye na deki ya mezani anaweza kutumia redio kaseti. Kama redio haina LINE OUT, tundu la kusikilizia kwa masikioni linafaa. Unahitajika waya wenye pini ndogo upande mmoja na pini nyekundu na nyeupe upande wa pili. Sauti ya redio iwekwe karibu na nusu, besi na trebo ziachwe katikati, na vitufe vya kuongeza mdundo vizimwe.

Zipo pia njia za dijitali. Waya wa mwanga hubeba sauti kwa taa nyekundu, na waya mmoja wa shaba wenye pini moja hubeba sauti hiyo hiyo kwa umeme. Hizi ni za kutoka kwenye CD au redio ya satelaiti, si za kaseti wala santuri, ambazo hazina matundu ya namna hiyo. Vinasa vya nyumbani pia vina ulinzi ndani yake: nakala iliyotolewa kwa waya wa dijitali kutoka CD ya dukani haikubali kunakiliwa tena kwa njia hiyo.

Mvumo na umeme

Baada ya kuunganisha, wengi husikia mvumo wa chini hata kabla kanda haijaanza. Chanzo cha kawaida ni vyombo kuchomekwa kwenye soketi za sehemu tofauti za nyumba, au waya wa sauti kulazwa sambamba na waya wa umeme. Dawa ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya kugawanya, na kuziacha nyaya za sauti zikatize zile za umeme badala ya kulala pamoja nazo. Ikiwa televisheni yenye waya wa antena imeunganishwa na amplifaya hiyo hiyo, iondolewe kwa muda na kusikiliza kama mvumo umekwisha.

Jambo kubwa zaidi ni umeme kukatika. CD ikiwa inarekodiwa na umeme ukaondoka ghafla, diski hiyo mara nyingi haisomeki tena, kwa sababu kinasa hakikupata nafasi ya kuandika orodha ya kilichomo. Betri ya akiba ya aina inayotumika kwa kompyuta, maarufu kwa jina la UPS, inatosha kumpa fundi dakika za kusimamisha rekodi kwa utaratibu. Kwa anayefanya kazi hii kwa malipo, kifaa hicho ni sehemu ya mtaji.

Kanda iandaliwe kwanza

Kabla kanda haijaingia kwenye deki, vibao viwili vidogo vilivyo mgongoni mwake vivunjwe, kama havijavunjwa bado. Bila vibao hivyo deki haiwezi kurekodi juu ya kanda. Kidole kinachokosea kitufe kinaweza kufuta sauti ya marehemu kwa sekunde chache, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Deki nayo isafishwe. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti safi ipitishwe kwenye hedi na kwenye kipini cha chuma kinachovuta utepe, hadi pamba itoke bila rangi ya kahawia. Kiringi cha mpira kipanguswe pia na kiachwe kikauke. Kwa kanda chakavu usafi huu ufanywe kila baada ya kanda moja, kwa sababu unga unaobanduka hubaki kwenye hedi na kuzima sauti za juu.

Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa izungushwe mbele hadi mwisho na kurudishwa, ili utepe ulioshikana uachane. Yenye ukungu mweupe isiwekwe kwenye deki inayotumika kwa kazi nyingine kabla ya kusafishwa. Iliyokatika iungwe kwa gundi ya utepe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Selotepu ya ofisini huyeyuka kwa joto na kuchafua hedi. Ganda likiwa limepinda, utepe unaweza kuhamishiwa kwenye ganda zima la kanda nyingine iliyofungwa kwa skrubu.

Kitufe cha Dolby kiwashwe tu ikiwa kanda ilirekodiwa kwa Dolby. Kikiwashwa kwa kanda isiyohusika, mchakacho hupungua kweli, lakini sauti za juu nazo hufifia, na maneno ya mzee anayezungumza hayasikiki sawasawa.

Kurekodi

Kaseti huvumilia sauti inayozidi kidogo. CD haivumilii. Katika kurekodi kwa dijitali, alama ya sifuri kwenye kipimo ndiyo ukuta, na kinachovuka hapo hukatwa na kutoa mkwaruzo usioweza kuondolewa. Fundi aitafute sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, kama vigelegele vya harusi au kwaya nzima ikipaza, kisha apange kiwango ili kipimo kifike karibu desibeli 6 chini ya sifuri. Sehemu za kimya zitakuwa chini, na hilo si kosa.

CD tupu ikiingizwa, kinasa huchukua sekunde kadhaa kuipima nguvu ya leza inayohitajika. Isiguswe wakati huo. Baada ya hapo kitufe cha kurekodi hubonyezwa, kinasa kikae kwenye hali ya kusubiri, kiwango cha sauti kihakikiwe, kisha kinasa kianze kwanza na kanda ifuate. Sekunde mbili za ukimya mwanzoni hazimdhuru mtu, lakini neno la kwanza lililokatwa haliwezi kurudishwa.

Vinasa vingi vina uwezo wa kuweka namba za nyimbo vyenyewe vinaposikia ukimya wa sekunde mbili au tatu. Kwa CD mpya uwezo huo ni mzuri. Kwa kaseti huleta fujo, kwa kuwa mchakacho wa kanda huficha ukimya kati ya nyimbo, na kwa hotuba kila pumzi ya msemaji hugeuka wimbo mpya. Diski moja haiwezi kuwa na namba zaidi ya 99. Ni afadhali uwezo huo uzimwe na fundi abonyeze kitufe mwenyewe kila wimbo unapoanza.

Lipo pia suala la urefu. CD tupu ya kawaida hubeba dakika 80, za zamani dakika 74. Kanda ya dakika 60 inaingia nzima kwenye diski moja. Kanda ya dakika 90 haiingii, na inahitaji diski mbili, upande mmoja wa kanda kwa kila diski. Asiyelijua hili hugundua dakika kumi za mwisho zimebaki nje, baada ya saa nzima na zaidi ya kazi.

Kwa anayejifunza, CD ya kufutika, iliyoandikwa CD-RW, ndiyo ya mazoezi. Akikosea anafuta na kuanza upya. Isitumike kwa kazi ya kukabidhi, kwa sababu diski hiyo huakisi mwanga kidogo na deki nyingi za zamani haziwezi kuisoma.

Diski ifungwe

Hatua inayosahaulika kuliko zote ni ya mwisho. Diski iliyorekodiwa huwa bado iko wazi, na hulia kwenye kinasa chenyewe tu. Ili ilie kwenye deki ya kawaida au kwenye gari, lazima ifungwe kwa kitufe cha FINALIZE. Kinasa hapo huandika orodha kamili ya nyimbo, kazi inayochukua dakika chache. Mtambo usizimwe wala diski isitolewe kwa nguvu.

Diski ikishafungwa haiongezwi kitu. Kwa hiyo fundi aisikilize mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kubonyeza, na baada ya kuifunga aijaribu kwenye deki nyingine kabisa. Mteja asiwe wa kwanza kugundua kasoro.

Maandishi yaandikwe juu ya diski kwa kalamu laini ya wino, si kwa kalamu ya ncha ngumu. Wengi hulinda upande wa chini unaong'aa na kuukwaruza ule wa juu, wakati sauti yenyewe iko karibu kabisa na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba. Karatasi za kubandika nazo huvuta diski zinapokauka.

Hesabu ya kazi

Kuhamisha kanda hakuna njia ya mkato. Kanda ya dakika 90 inachukua dakika 90. Ukiongeza dakika 20 za kusafisha, kupanga kiwango na kufunga diski, ni dakika 110. Kwa siku ya saa nane, fundi mmoja mwenye deki moja anamaliza kanda nne za namna hiyo, au kanda sita za dakika 60.

Hapo ndipo bei inapopatikana. Kwa mfano, anayetaka siku yake imwachie Sh 40,000 anatakiwa kupata Sh 10,000 kwa kila kanda ya dakika 90, kabla ya kuongeza bei ya diski mbili na umeme. Kwa kanda za dakika 60 ni karibu Sh 6,700 pamoja na diski moja. Anayetoza bei moja kwa kanda zote atajikuta anafanya kazi ya dakika 90 kwa malipo ya dakika 60.

Faida huongezeka kwenye nakala. Kanda ya kwaya ikishahamishwa mara moja, nakala za wanakwaya 20 hazihitaji tena deki ya kaseti, na kompyuta yenye kichoma CD huzitoa kwa dakika chache kila moja. Wateja wa uhakika ni familia zenye kanda za harusi na misiba, makanisa, misikiti, shule za zamani na vikundi vya ngoma.

Biashara hii husimama kwa uaminifu. Kila kanda iandikiwe stakabadhi yenye jina la mwenye nayo na hali iliyopokelewa, kama imekatika au ina ukungu. Kanda ya asili irudishwe kwa mwenyewe, hata akisema haihitaji tena. Fundi anayepoteza kanda moja ya marehemu atakuwa amefunga duka katika mtaa huo.

Nyimbo za watu

Rekodi za familia hazina utata. Kanda za muziki wa biashara ni suala jingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 chini ya COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KECOBO. Fundi anayehamisha kanda ya dansi au taarabu na kuanza kuuza nakala sokoni anauza jasho la mtu bila ruhusa yake, na anaweza kufikishwa mahakamani. Anayetaka kuuza atafute kwanza mwenye haki au taasisi inayohusika.

Baada ya CD

CD si mwisho wa safari. Diski za kuchoma huharibika kwa jua na joto, na zikiachwa kwenye dashibodi ya gari zinaweza kufa mapema kuliko kaseti yenyewe. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia CD. Kwa hiyo sauti ikishakuwa kwenye diski, ihamishiwe pia kwenye kompyuta na flashi. Muziki wa CD huchukua karibu MB 10 kwa dakika moja, hivyo kanda nzima ya dakika 60 ni karibu MB 600. Nakala mbili zilizowekwa nyumba mbili tofauti ni salama kuliko tano zilizo kwenye droo moja.

Ambaye hana kinasa CD hana sababu ya kukisaka kwa gharama kubwa. Kifaa kidogo cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, chenye matundu yale yale mekundu na meupe, hufanya kazi hiyo na kuruhusu makosa kurekebishwa. Kanuni za waya, kiwango cha sauti na usafi wa deki ni zile zile. Kisichofaa ni kuweka simu mbele ya spika, kwa kuwa simu hurekodi na jogoo wa jirani na pikipiki inayopita.

Kwa aliye na kinasa tayari, na diski za kukitosheleza, kazi inaweza kuanza wikiendi hii. Kanda za kwanza ziwe zile za watu waliokwisha kufariki na zile zinazoanza kunung'unika zikichezwa. Muziki wa dukani unaweza kusubiri, kwani huenda mtu mwingine anao. Sauti ya babu iko kwenye kanda ile moja tu.